Unga wa Prosper

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Tumepakwa majivu asubuhi, na mvua ya kwanza ya masika imeyaosha kabla hatujafika nyumbani. Debora amenicheka njiani: "Babu, wewe yamekuteremkia mpaka puani!" Sijamsikia akicheka hivyo tangu kaka yake afe, kwa hiyo sikujifuta.

Nimeamua kuandika msimu huu kwa sababu kuna jambo nataka kuliangalia kwa makini. Mjukuu wangu Debora anajiandaa kwa mbio za nusu marathoni zitakazofanyika Musoma siku ya Muungano, tarehe 26 Aprili. Siku kama hiyo mwaka jana kaka yake Prosper alikimbia Bunda akiwa na mafua na homa kidogo. Alimaliza wa tatu, akaomba maji, akaketi chini, hakuinuka tena. Daktari alitueleza kwamba virusi vya mafua vilikuwa vimeingia kwenye msuli wa moyo. Moyo uliovimba ukilazimishwa kukimbia huweza kusimama. Nilifundisha baiolojia mpaka nikastaafu, kwa hiyo nilimwelewa daktari neno kwa neno, na kuelewa hakukunisaidia kitu.

7 Machi

Mvua. Mihogo imeanza kusimama vizuri.

9 Machi, Jumapili

Baada ya misa amekuja Nathan Burito, kocha wa Bunda, yule aliyemfundisha Prosper na sasa anamfundisha Debora. Sijawahi kumpenda. Ana sauti ya mtu anayeuza kitu hata anapoomba chumvi. Tulikula pamoja sebuleni, mimi, yeye na Debora. Mkwe wangu Jenoveva, mama yake Debora, alituandalia akarudi jikoni, kwa kuwa kwetu mke wa mwana hali chakula mbele ya baba mkwe. Debora alikula ugali na samaki kama mchimba mitaro, nikafurahi.

Kisha nikaona kopo. Kubwa, jeusi, limeandikwa Kizungu pande zote, na picha ya mtu mwenye mabega kama ng'ombe wa kulimia. Nalijua kopo hilo. Lilikuwa la Prosper, na lilikuwa limekaa chumbani kwake tangu tumzike.

"Anatumia unga wa marehemu?" nikauliza.

"Haujaharibika, mwalimu," Nathan akasema. "Tarehe yake bado iko mbali. Ukiisha nitamletea mwingine kutoka Musoma."

"Na humo ndani mna nini?"

"Hakuna madawa, kama ndicho unachowaza. Ni maziwa tu yamekaushwa."

"Kama ni maziwa, kwa nini asinywe maziwa?"

"Maziwa ya hapa kwenu tunagombania na ndama, mwalimu!"

Debora akacheka, nami nikacheka kidogo kwa adabu. Kocha hakudanganya sana. Jibini ikitengenezwa hubaki maji ya kijanikijani ambayo mabibi zetu waliwapa mbwa. Wenzetu wanayakausha, wanachuja sukari na mafuta, na kinachobaki karibu chote ni protini. Protini ni kitu cha kujengea. Msuli ukichanika kwa mazoezi hushonwa kwa protini, na hata askari wa mwili wanaopigana na magonjwa wameundwa kwa hiyo hiyo. Mkimbiaji anaihitaji kuliko mimi ninayekaa.

Jenoveva ndiye anayemkorogea, katika chupa ya Prosper ya kutikisia. Nimemsikia jikoni akiitikisa taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

10 Machi

Kila alfajiri Debora hupita chini ya dirisha langu akielekea barabara ya Kiabakari. Leo nilisikia hatua zake, kisha hatua nyingine nyuma yake. Nilifungua dirisha. Alikuwa peke yake. Maelezo yake ni rahisi: nyuma ya nyumba kuna mawe makubwa, na sauti ikigonga jiwe hurudi. Niliwahi kuwapeleka kidato cha pili pale pale kuwaonyesha mwangwi.

14 Machi

Mvua. Mwangwi tena.

22 Machi

Nathan amepiga simu akiwa na furaha kubwa. Debora amekata dakika nyingi katika mazoezi yao ya Jumamosi.

"Nilikuwaga nafikiri Prosper ndiye alikuwa na mbio kwenye ukoo wenu," akasema. "Mwalimu, huyu binti anakimbia utasema kuna mtu anamvuta! Watu wa timu ya jeshi watakuwepo Musoma. Wakimwona hivi, ajira ni yake."

Niliporudi uani nilimtazama Debora akianika nguo. Amepungua. Mifupa ya mabega inaonekana chini ya fulana. Mtu akipungua uzito, kwa muda mfupi hukimbia vizuri zaidi, kwa sababu anabeba kidogo. Ni furaha ya muda. Nilimuuliza kama anakula vizuri.

"Nakula, babu. Si unaniona?"

Kweli, Jumapili huwa namwona. Siku nyingine yeye huniletea sinia chumbani kwangu, ananinawisha mikono, anasema ameshakula jikoni, anaondoka. Mzee hafuati sinia jikoni kuuliza nani kala nini.

28 Machi

Debora ana vidonda mdomoni na mafua yasiyokauka. Ni mafua ya pili tangu Kwaresima ianze. Usingizi wangu umekatika.

30 Machi, Jumapili

Nimetafakari hivi. Mtoto anakunywa protini mara mbili kwa siku. Askari wa mwili wanaundwa kwa protini. Basi kwa nini jeshi lake linashindwa na mafua ya kawaida? Ama unga si kile kilichoandikwa, au umechanganywa na kitu. Nimeanza kuutazama uso wa Nathan akilini mwangu, na kila nikiutazama unazidi kuwa mbaya.

31 Machi

Nimeanza kunywa unga huo mwenyewe, ili nione. Jenoveva alinikorogea bila kuuliza, akaniwekea chupa kizingitini, akarudi nyuma. Ladha yake ni ya maziwa yaliyosahauliwa karibu na sabuni.

3 Aprili

Hakuna kilichonipata isipokuwa tumbo kunguruma. Debora aliambiwa na mama yake, akaja kunichungulia dirishani. "Babu, unataka kukimbia Musoma na wewe? Nikuandikishe na wazee wenzako?" Nilimtupia kofia. Alipogeuka akikohoa, alishika ukuta.

Unga hauna sumu. Ni maziwa tu, kama kocha alivyosema.

4 Aprili

Alfajiri ya leo hatua za pili hazikuwa nyuma. Zilipita kwanza, nyepesi, ndefu, za mtu mwenye miguu mirefu. Kisha zikaja za Debora.

Mwangwi hautangulii. Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama muda mrefu.

5 Aprili

Leo nimeelewa, na si kwa akili yangu, ni kwa sababu paa lilivuja.

Mvua ilikuwa kubwa tangu saa sita mchana, na bati la chumba changu likaanza kumwaga maji juu ya meza. Nikachukua kiti nikaenda kukaa kwenye baraza la jiko, mahali ambapo sikai. Mlango ulikuwa wazi. Jenoveva alikuwa anakula, akanyanyuka haraka aliponiona, akafunika sahani kwa khanga. Debora alikaa kwenye kigoda pembeni, ana chupa ya kutikisia mkononi. Mbele yake hapakuwa na sahani. Na jikoni penyewe hapakuwa na sahani nyingine, wala mabaki, wala sufuria yenye chochote isipokuwa sehemu yangu.

"Debora, chakula chako kiko wapi?"

"Nimeshakula, babu."

"Umekula nini?"

Mvua ikajibu kwenye bati. Kisha Jenoveva akasema, akiwa amegeukia ukuta kama adabu yetu inavyotaka: "Amefunga, baba."

"Wote tumefunga. Ni Kwaresima. Hatuli nyama."

"Yeye hali mchana kabisa. Usiku kikombe cha uji. Jumapili peke yake ndiyo anakula."

"Anakimbia kilomita zote zile, halafu anakunywa kikombe cha uji?"

"Na unga, babu," Debora akadakia, kana kwamba ananitetea mimi nisishtuke. "Unga nakunywaga asubuhi na jioni."

"Sasa huo si umevunja mfungo?"

"Unga si chakula. Haupikwi, hauendi motoni, umetoka duka la dawa. Dawa haivunji mfungo. Tulifundishwa hivyo kipaimara."

Nilikaa chini. Nimefundisha watu wengi, na sijawahi kusikia kosa lililopangwa vizuri namna hii.

Nikamweleza taratibu, kama ninavyopenda. Mwili unataka vitu viwili. Unataka mbao za kujengea na unataka kuni za kuwasha moto. Protini ni mbao. Kuni ni ugali, viazi, uji, mafuta. Mkimbiaji anakula kuni nyingi kuliko mtu yeyote kijijini. Akikosa kuni, mwili haukai gizani ukisubiri. Unachukua mbao zile zile, za bei kubwa, unazitia motoni. Unga wote ule aliokunywa umechomwa kama kuni. Hakuna kilichojengwa. Kisha mwili unachoma misuli yake yenyewe, na askari wanaopaswa kulinda koo na mapafu hawapati posho, wanatoroka. Ndiyo vidonda. Ndiyo mafua.

Alinisikiliza vizuri sana. Alikuwa mwanafunzi mzuri siku zote.

"Nimeelewa, babu," akasema. "Lakini nimeshaahidi."

"Umemwahidi nani?"

Akatazama chupa. Jina la Prosper liko juu yake, kwa wino wa kalamu nene.

6 Aprili, Jumapili

Amekula vizuri. Sikuthubutu kusema neno.

8 Aprili

Nimempigia Nathan nikamweleza yote. "Mwalimu," akasema, na ile sauti ya kuuza haikuwepo, "mimi nilimpa unga aongeze juu ya chakula. Sikumwambia aache kula. Nilimzika mmoja. Unafikiri nataka wa pili?" Nilikuwa nimemhukumu mtu huyu kwa sauti yake tu.

12 Aprili

Jaribio la mwisho Bunda. Debora alisimama katikati ya njia, akainama, akatapika maji. Nathan hakumwacha aendelee. Amemleta nyumbani mwenyewe, na njia nzima, anasema, Debora alikuwa anageuka kutazama barabara nyuma.

15 Aprili

Tumekwenda zahanati. Matrida, tabibu wetu, aliwahi kukaa dawati la mbele darasani kwangu. Alimpima mapafu, damu, mapigo, kisha akaniomba nitoke nje. Aliponiita tena alichagua maneno.

"Mwalimu, damu imepungua sana. Na mambo ya kike yamesimama tangu mwezi uliopita. Mwili umekosa nguvu, unazima chumba kimoja kimoja. Hicho huwa cha kwanza."

"Na moyo?"

"Unaenda mbio akiwa amekaa. Kesho mpelekeni Musoma wakaupime. Nakumbuka ya kaka yake."

16 Aprili

Musoma. Walimfunga nyaya kifuani, mashine ikachora. Daktari anasema moyo umechoka lakini haujavimba. Asikimbie mpaka amepona kabisa, na ikitokea homa asipande hata mlima. "Akila, atarudi," alisema. "Mwili wa umri huu unasamehe." Tuliporudi tulipita kando ya ziwa. Debora aliomba tusimame mahali mbio zitakapoanzia. Alisimama pale akiacha nafasi ubavuni mwake, kama mtu anavyomwachia mwenzake kwenye benchi.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua, kutwa.

20 Aprili, Pasaka

Aleluya. Kwaresima imekwisha na mfungo wake umekwisha. Debora amekula wali, maharage, kuku, na chai ya maziwa. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

21 Aprili

Hajala. Chupa tu.

Nilimwita, sikungoja sinia. "Pasaka imepita, mjukuu wangu."

"Mfungo haukuwa wa Kwaresima, babu. Kwaresima ilikuja tu ikatukuta. Niliahidi mpaka siku ya mbio. Nimkimbilie mbio zile alizokufa nazo, nimalize, nisimame, nisikae chini. Ndipo apumzike."

Nilimleta Padre mchana. Padre ni kijana mwema. Alimwambia kwamba Kanisa halimfungi mgonjwa, na kwamba unga ni chakula kama chakula kingine, kwa hiyo mfungo wenyewe umevunjika tangu siku ya kwanza, na hata kama haukuvunjika yeye anamfungua sasa hivi.

"Asante, Padre," Debora akasema. "Lakini sikukuahidi wewe."

Padre alinitazama. Nikamsindikiza mpaka njiani.

22 Aprili

Asubuhi Jenoveva alikuja mpaka kwenye mlango wa chumba changu. Hajawahi kufika hapo tangu aolewe na mwanangu Nyamhanga, ambaye yuko kazini Mwanza na hujibu simu kwa kusema "mtamshauri tu." Alisimama nje, uso kando.

Siku zote nimemwona mwanamke mkavu. Hakulia mazishini kama wengine. Nilidhani amemsukuma binti yake kwa ajili ya ile ajira.

"Baba, unasikiaga asubuhi?"

Ningeweza kuuliza nasikia nini. Nilisema: "Nasikia."

Akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Nilifikiri ni mimi peke yangu. Debora akianza kukimbia, na mwenzake anakuja. Yule anayekanyaga kwa ncha ya mguu ni Prosper, nilimzaa, namjua. Siku Debora amepumzika, hakuna kitu. Kimya." Akashika mwimo wa mlango. "Ndiyo maana nakoroga unga. Najua anakwisha. Naona. Lakini akiacha kukimbia, baba, mimi nitamsikia wapi mwanangu?"

Mwanamke huyu alikuwa anamlisha aliyekufa kwa mwili wa aliye hai, kijiko kwa kijiko, na alijua, na kila asubuhi alitegemea kwamba kitabaki cha kesho.

"Una watoto wawili," nikasema. "Aliye hai ndiye anayekufa."

Alifunika uso kwa khanga.

23 Aprili

Homa. Si malaria, Matrida amepima. Ni kifua. Amempa dawa na kumwambia kwa ukali: ukikimbia na homa hii utamfuata kaka yako. Alikosea kusema hivyo. Niliona macho ya Debora yakitulia.

Amefua viatu vyake na kuvianika juu ya jiko.

24 Aprili

Nitaandika yote, maana sitaki kesho nijidanganye kwamba nilifanya kidogo kuliko nilivyofanya.

Padre hawezi kumfungua. Daktari hawezi. Aliyeahidiwa ni Prosper, na kwa desturi ya Wazanaki wa nyumba hii, mwenye kusema na marehemu kwa niaba ya boma ni mzee wa boma. Baba yangu alikuwa akifanya. Mimi niliacha, si kwa kubishana na mtu, bali kwa kuwa nilikuwa na ubao na chaki na nilidhani vinatosha. Leo asubuhi, Debora akiwa amelala na homa, nilimwambia Jenoveva apike uji wa ulezi, autie maziwa.

Saa nne mvua iliacha. Tulikwenda kaburini, nyuma ya migomba, watu watatu: Debora amejifunika blanketi, mama yake amebeba kibuyu, mimi na fimbo. Saruji ilikuwa imelowa, nyasi zimepanda pembeni. Nilivua kofia.

Nilipanga kuigiza. Sioni haya kuandika hivyo. Mwalimu hujua kuigiza. Nilidhani nikitamka maneno kwa sauti nzito, kwa lugha ya nyumbani, binti ataridhika na atakula. Nikamimina uji kidogo juu ya udongo nikaita jina lake: Prosper mwana wa Nyamhanga.

Na mara migomba ikaacha kutikisika. Upepo ulikuwepo, niliuona juu kwenye mikaratusi, lakini pale tulipo majani yalitulia kama darasa anapoingia mkuu wa shule. Debora akainua kichwa. Hakunitazama mimi. Alitazama mahali palipo mbele yangu kidogo, karibu sana na kifua changu.

Basi sikuigiza tena.

Nikamwambia: "Mjukuu wangu, dada yako amekuahidi mbio, naye hana cha kukimbilia. Amekuchomea mwili wake wote. Mwachilie. Ameshaimaliza hiyo safari, hata kama hajafika Musoma."

Kimya.

"Mama yako naye umwachilie."

Majani bado yametulia. Nikaelewa kwamba nilikuwa naomba bila kutoa kitu, na mtoto yule tangu akiwa mdogo alikuwa hapendi kukimbia peke yake. Alikuwa akinisumbua mimi nimsindikize mpaka barabarani.

Nikasema: "Kama unachotaka ni mtu wa kutoka naye asubuhi, nitatoka mimi. Ahadi yake naichukua. Lakini mimi ni mzee, siwezi kukimbia. Nakuambia wazi ili usije ukalalamika. Mimi nitatembea."

Majani ya mgomba yakaanza tena, moja, kisha yote.

Debora akaketi chini kwenye matope. Mama yake akapiga kelele akidhani ni kama Bunda, akamrukia. Lakini Debora alikuwa analia tu, kwa sauti kubwa, mdomo wazi, kama mtoto mchanga. Jenoveva akampa kibuyu. Akanywa.

25 Aprili

Mtu aliyekaa na njaa halishwi kwa pupa. Chumvi za damu huvurugika na moyo huumia. Nimempangia Jenoveva: uji kidogo kila mara, kisha viazi, kisha dagaa wa kusaga. Debora anakunywa na kulala. Homa imeshuka kidogo.

26 Aprili, Muungano

Hakukimbia. Redio ilitaja washindi na Jenoveva akaizima. Nathan alipiga simu kutoka Musoma, nyuma yake kuna tarumbeta na kelele za watu. Amewaambia watu wa timu habari za binti anayeumwa. Wamesema watakuja tena msimu ujao, na yeye ananiuliza kwa unyenyekevu nimwandikie wakimbiaji wake wanavyopaswa kula. Nitamwandikia. Ugali kwanza, dagaa, maharage, maziwa. Unga ukiwepo uwe juu ya hivyo, mahali pa kiungo.

2 Mei

Amekula ugali. Vidonda vimefunga.

10 Mei

Debora amekaa nami barazani, anamenya viazi. Mashavu yanarudi. Nilidhani atanishukuru au atanilaumu. Alimenya mpaka karai likajaa, ndipo akasema:

"Babu, simsikii tena."

"Najua."

"Hata kidogo. Nilikuwaga nikifumba macho tu, yuko. Sasa ni kama nyumba iliyohamwa." Akajifuta kwa kiwiko. "Afadhali nile. Lakini nilitaka ujue."

Nilimwambia nimejua. Hakuniuliza Prosper yuko wapi. Ni binti mwerevu. Kuna maswali aliyoyaacha kwa ajili yangu.

Jenoveva ndiye aliyeuliza, jioni, kutoka mlangoni. "Baba, anakuja?"

"Anakuja."

"Yuko vipi?"

Nikafikiri. "Hana subira," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto wake nilimsikia mkwe wangu akicheka.

24 Mei

Mvua imekatika. Njia imekauka, sasa hatua za Prosper zinasikika vizuri zaidi.

Natoka alfajiri na fimbo. Jenoveva huwa ameshafungua lango. Husimama pembeni, hasemi, anatega sikio mpaka tumepita. Sina maelezo ya jambo hili, wala sitafuti. Naandika tu ninachokiona, ambacho ni barabara tupu, na ninachokisikia. Ananitangulia mpaka kwenye mti wa mkuyu, anageuka, anarudi, ananizunguka kama wakimbiaji wanavyomzunguka mtu mzito, kisha anatangulia tena. Kila siku mzunguko wake ni mfupi kidogo. Na mimi kila siku nafika mbali kidogo kuliko jana, bila kuchoka inavyopasa, kifua chepesi, jambo ambalo kwa umri wangu halina sababu njema katika kitabu chochote nilichofundishia.

Leo amekuja akatembea ubavuni mwangu, sambamba, hatua kwa hatua. Nimemwambia asinihimize. Tutafika tu.